Dawa ya kifafa ilivyofika katika utafiti wa VVU kwa kupitia saratani

Agosti 2005, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti mfupi uliofanywa kwa watu wanne tu, na haukupita muda mrefu vyombo vya habari vikaanza kutangaza kwamba dawa ya kifafa huenda ikawa njia ya kuponya UKIMWI. Aliyeongoza utafiti huo ni David Margolis, daktari wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa akihama kutoka Dallas, Texas, kwenda Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill. Ukizipitia kazi alizochapisha kabla na baada ya mwaka huo, unakutana na VVU, kisha dawa ya kifafa, kisha dawa ya saratani, na ni rahisi kudhani kwamba ni mtu aliyerukaruka kutoka ugonjwa hadi ugonjwa. Sivyo. Amekuwa akilifuatia swali moja kwa zaidi ya miaka ishirini: virusi hujificha wapi wakati dawa zinafanya kazi, na vinaweza kutolewaje huko vilikojificha. Kifafa na saratani vimeingia humo kwa sababu ya dawa zake, wala si kwa sababu ya magonjwa yenyewe.

Ni vizuri jambo hili liwe wazi tangu mwanzo, kwa kuwa magonjwa hayo matatu yanahusiana pia kwa njia nyingine ambazo watu wa Afrika Mashariki wanazijua zaidi. VVU vikidhoofisha kinga, saratani zinazosababishwa na virusi vingine hupata nafasi: saratani ya Kaposi ni mojawapo, na ya mlango wa kizazi ni nyingine, ambayo hatari yake kwa mwanamke anayeishi na VVU ni takriban mara sita ya ile ya mwanamke asiye navyo. Vilevile kinga ikishuka sana, ubongo hushambuliwa na vimelea vya toksoplasma, na fangasi wanaoleta homa ya uti wa mgongo, au na kifua kikuu, na mgonjwa akaanza kupata degedege ambalo baadhi yao hubaki nalo kama kifafa cha kudumu. Huo ni uhusiano wa ugonjwa kuzaa ugonjwa. Uhusiano unaozungumzwa katika kazi za Margolis uko ndani ya kiini cha seli, na kuuelewa kunahitaji kwanza kujua kwa nini dawa za kufubaza virusi haziponyi.

Dawa hizo huzuia virusi kuzaliana. Kila moja hufunga hatua fulani ya safari yao: kuingia katika seli, kunakili vinasaba, kujipachika kwenye DNA ya seli, au kuunda chembe mpya zilizokomaa. Hata hivyo, virusi ambavyo tayari vimekwisha kujipachika kwenye DNA haviguswi na dawa yoyote kati ya hizo. Seli nyingi za CD4, yaani seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, hufa mapema zikiambukizwa, ila chache hurudi katika hali ya mapumziko na kuwa seli za kumbukumbu, zile ambazo mwili huziweka kwa miaka mingi ili zimkumbuke adui aliyewahi kupita. Seli ya namna hiyo haitengenezi virusi, kwa hiyo kinga haioni kitu cha kushambulia, na dawa haina hatua ya kufunga. Katika miaka ya 1990, maabara ya Robert Siliciano katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, pamoja na makundi mengine, ilithibitisha kwamba hifadhi hii ya virusi vilivyolala ipo hata kwa watu ambao virusi havionekani tena kwenye damu yao. Ni ndogo mno, kiasi cha seli moja hivi katika kila seli milioni moja za CD4 zilizopumzika, lakini hupungua polepole kiasi kwamba nusu yake huchukua takriban miezi 44 kuisha. Kwa hesabu hiyo, mtu angehitaji kumeza dawa kwa zaidi ya miaka 70 ndipo hifadhi iishe yenyewe. Ndiyo sababu anayeacha dawa, hata kama wingi wa virusi vyake ulikuwa haupimiki kwa miaka kumi, kwa kawaida huviona vikirudi ndani ya wiki chache.

Swali basi ni kitu gani kinachovinyamazisha virusi ndani ya seli iliyopumzika. Sababu ziko kadhaa, na mojawapo ni namna DNA inavyofungwa. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufika karibu mita mbili, nayo hukaa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho kwa kuwa imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye kigurudumu chake. Pale uzi unapokazwa sana, mashine za seli haziwezi kuufikia wala kuusoma, na vinasaba vilivyopo hapo hukaa kimya. Seli hulegeza sehemu inayoitaka kwa kuzibandika histoni vipande vidogo vya kikemikali viitwavyo asetili, na huikaza tena kwa kutumia vimeng'enya vinavyobandua asetili hizo. Virusi vilivyojipachika mahali palipokazwa vitalala kama vinasaba vingine vya mahali hapo. Ikipatikana dawa ya kuvizuia vimeng'enya vinavyobandua, uzi utalegea, na inawezekana virusi vikaamka.

Dawa hiyo ilikuwa tayari kwenye makabati ya hospitali, ila watu waliijua kwa kazi nyingine. Asidi ya valproiki, ambayo kama dawa huitwa valproeti, ilitengenezwa mwaka 1882 na mkemia Mmarekani aitwaye Beverly Burton, na kwa miaka 80 hivi haikuwa dawa ya chochote. Ilikuwa kimiminika cha kuyeyushia vitu vingine maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Pierre Eymard, aliyekuwa akifanya utafiti nchini Ufaransa, aliitumia kuyeyushia kemikali alizotaka kuzijaribu, akagundua kwamba kila kemikali iliyoyeyushwa humo ilizuia degedege kwa wanyama wa maabara. Haikuwezekana zote ziwe dawa. Iliyokuwa ikifanya kazi ni kile kiyeyushio. Mwaka 1967 valproeti ikaanza kuuzwa Ufaransa kama dawa ya kifafa, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za kifafa zinazotumika sana duniani. Inavyoaminika, hutuliza ubongo kwa kuzuia mifereji ya sodiamu kwenye seli za neva na kwa kuongeza nguvu ya GABA, kemikali ambayo kazi yake ni kuzipunguza kasi seli hizo.

Mwaka 2001 ndipo makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Ujerumani, yalipoonesha kila moja kwa upande wake kwamba valproeti hufanya pia jambo la pili lisilofahamika awali: huvizuia vimeng'enya vinavyobandua asetili kwenye histoni. Waliofurahia habari hiyo kwanza walikuwa watafiti wa saratani, kwa kuwa seli nyingi za saratani huwa zimevifungia vinasaba ambavyo kazi yake ni kuzuia seli isikue ovyo, na dawa ya kulegeza histoni ingeweza kuvifungua. Wao walikuwa wameanza safari hiyo mapema zaidi. Mwaka 1971, Charlotte Friend aliona kwamba seli za saratani ya damu za panya zikiwekwa kwenye DMSO, kimiminika kingine cha kuyeyushia vitu, zilianza kukomaa na kutengeneza himoglobini kama seli nyekundu za kawaida. Kutokana na hilo, Ronald Breslow wa Chuo Kikuu cha Columbia na Paul Marks wa kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, New York, walitumia miongo miwili na ushei kutafuta molekuli yenye nguvu zaidi, na matokeo yake yakawa vorinostati, ambayo Marekani iliidhinisha Oktoba 2006 kwa saratani ya seli T (aina ya seli za kinga) inayoshambulia ngozi. Inachekesha kidogo kwamba njia zote mbili zilianzia kwenye kiyeyushio ambacho hakuna aliyekitilia maanani.

Sasa turudi kwa wale watu wanne. Mwaka 2004, maabara ya Margolis ilikuwa imechapisha kwamba kuvizuia vimeng'enya hivyo huamsha virusi kwenye seli zilizochukuliwa kwa wagonjwa na kuwekwa maabara. Hatua iliyofuata ilikuwa kujaribu kwa binadamu, na valproeti ilikuwa chaguo la busara: ni kidonge, bei yake si kubwa, na madhara yake yalikuwa yamejulikana kwa karibu miaka 40. Washiriki wote wanne walikuwa wakitumia dawa za VVU na virusi vimeshafubazwa. Kwanza waliongezewa enfuvirtidi, dawa ya sindano inayozuia virusi kuingia katika seli mpya, ili virusi vitakavyoamka visipate pa kwenda. Kisha wakameza valproeti mara mbili kwa siku kwa miezi mitatu. Kwa watatu kati yao, idadi ya seli zenye virusi vilivyolala ilishuka kwa wastani wa asilimia 75.

Mtu aliyezoea kusoma tafiti angekwama papo hapo kwenye mambo matatu. Washiriki ni wanne na hakuna kundi la kulinganisha nalo. Kilichobadilishwa ni vitu viwili kwa pamoja, enfuvirtidi na valproeti, kwa hiyo haijulikani kipi kilileta mabadiliko. Tena, kuhesabu kitu kinachopatikana mara moja katika seli milioni ni kazi yenye kosa kubwa la kipimo, na namba hupanda na kushuka hata kama hakuna kilichobadilika mwilini. Watafiti wenyewe walisema kwamba huo ni utafiti wa kuonesha kama wazo linawezekana, na kichwa cha andiko lao kilisema hivyo hivyo. Neno tiba liliwekwa na wengine.

Waliofuata walipima kwa njia rahisi. Duniani kuna watu wanaoishi na VVU ambao tayari wanatumia valproeti kwa ajili ya kifafa au matatizo ya afya ya akili, wengine kwa miaka. Kama dawa hii ingekuwa inakausha hifadhi ya virusi, watu hao wangekuwa na hifadhi ndogo kuliko wenzao. Maabara ya Johns Hopkins iliwapima na kuchapisha mwaka 2007: hifadhi zao zilikuwa zilezile. Watafiti wa Ufaransa walipata jibu kama hilo mwaka 2008. Maabara ya Margolis yenyewe ilichapisha mwaka huohuo kwamba valproeti bila kuongezewa dawa nyingine ina athari ndogo, na mwaka 2010 ikachapisha kwamba hata ikiongezewa, athari haidumu. Mwaka 2012 ukaja utafiti wa Kanada, uliokuwa na washiriki zaidi ya 50 waliogawanywa kwa bahati nasibu, nao ukafunga mjadala: valproeti haipunguzi hifadhi ya VVU.

Kwa maoni yangu, maandiko ya 2008 na 2010 yana thamani kubwa kuliko lile la 2005 lililosifiwa. Si jambo dogo kwa mtafiti kurudi kwenye matokeo yaliyompa jina na kuchapisha, kwa mkono wake, kwamba hayakusimama. Habari ya namna hiyo haina mvuto wa ukurasa wa mbele, na hapo ndipo msomaji wa kawaida hudhurika: alisikia kwamba dawa ya kifafa huenda inaponya VVU, akabaki na hilo.

Kilichoanguka lakini ni valproeti, si wazo. Valproeti ni dhaifu katika kuvizuia vimeng'enya vile, na ilikuwa halali kuuliza kama yenye nguvu zaidi ingefaulu. Hapo ndipo saratani ikaingia rasmi. Julai 2012, katika jarida la Nature, Nancie Archin, Margolis na wenzao walieleza jinsi walivyowapa watu wanane dozi moja ya miligramu 400 ya vorinostati, kisha wakazipima seli zao za CD4 zilizopumzika saa chache baadaye. Kiasi cha RNA ya virusi, yaani nakala zinazoonesha kwamba vinasaba vyao vinasomwa, ndani ya seli hizo kilipanda kwa wastani wa mara 4.8. Kwa mara ya kwanza ilioneshwa moja kwa moja, kwa binadamu, kwamba dawa inaweza kuvigusa virusi vilivyolala na vikajibu. Hifadhi yenyewe haikupungua. Dozi zilizorudiwarudiwa katika utafiti uliofuata ziliamsha virusi kwa kiwango kidogo tu. Nchini Denmark, watafiti walitumia romidepsini, dawa nyingine ya saratani ya seli T iliyo na nguvu zaidi, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba kwa watano kati ya sita virusi viliamka kiasi cha kupimika kwenye damu. Hata hapo hifadhi ilibaki vilevile.

Kwa nini kuamsha hakutoshi? Matumaini ya mwanzo yalikuwa kwamba seli itakayoanza kutengeneza virusi itakufa kwa sababu ya virusi hivyo au itauawa na kinga. Mwaka 2012, maabara ya Siliciano ilionesha kwamba matumaini hayo hayakuwa sahihi: seli zilizoamshwa kwa vorinostati ziliendelea kuishi, na hata seli za kinga za mgonjwa mwenyewe hazikuziua mpaka zilipochochewa upya kuwatambua maadui wao, kwa kuwa baada ya miaka ya kukaa bila kuona virusi zilikuwa zimelegea. Ndiyo maana tafiti za sasa huunganisha kiamshi na kitu cha kuua, kama chanjo ya tiba au kingamwili maalumu. Viamshi vyenyewe bado vinatafutwa kwenye maghala ya dawa za saratani: Januari 2020 kundi lililomjumuisha Margolis liliripoti kwamba AZD5582, molekuli iliyobuniwa ili kuzifanya seli za saratani zife, iliamsha virusi kwa nguvu katika panya waliopandikizwa seli za kinga za binadamu, na matokeo yanayofanana yakaonekana kwa nyani wenye virusi jamaa ya VVU. Panya na nyani, lakini, si watu.

Kuna pia suala la mizani ya hatari. Mgonjwa wa saratani anayekabiliwa na kifo anaweza kukubali dawa yenye madhara makali. Mtu wa miaka 35 anayemeza kidonge kimoja cha VVU kwa siku, ambaye anafanya kazi na kulea watoto na anatarajia umri unaokaribia wa mwenzake asiye na virusi, hana sababu hiyo, na vorinostati katika vipimo vya maabara imeonesha uwezo wa kuharibu vinasaba. Hili ndilo lililofanya watafiti wa Chapel Hill waanze na dozi moja moja. Timothy Ray Brown, mtu wa kwanza kujulikana kupona VVU, alipona kwa njia iliyopitia saratani kweli: alikuwa na saratani ya damu, na mwaka 2007 mjini Berlin alipandikizwa uboho wa mtu ambaye seli zake hazina mlango wa CCR5 ambao VVU hupitia. Hakuna daktari ambaye angempa mtu asiye na saratani matibabu yale, kwani huua sehemu ya wanaoyapata.

Kwa mgonjwa wa Ifakara, Kisumu au Bukavu mwenye VVU na kifafa kwa pamoja, hayo yote ni ya mbali. Jambo linalomhusu leo limo katika kazi ya mtafiti mwingine, Gretchen Birbeck, daktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi Chikankata, kusini mwa Zambia. Mwaka 2012 aliongoza uandishi wa mwongozo wa kuchagua dawa za kifafa kwa watu wenye VVU, uliotolewa na chama cha madaktari wa neva wa Marekani pamoja na shirikisho la kimataifa la kupambana na kifafa. Tatizo liko kwenye ini. Fenobabitali, fenitoini na karbamazepini, ambazo ndizo dawa za kifafa zinazopatikana kwa urahisi zaidi katika vituo vyetu, huchochea vimeng'enya vya ini vivunje dawa nyingine haraka. Baadhi ya dawa za VVU zikivunjwa hivyo, kiwango chake kwenye damu hushuka, virusi huanza kuzaliana, na usugu huingia ingawa mgonjwa hajakosa hata dozi moja. Mwongozo ule ulieleza, kwa mfano, kwamba anayetumia fenitoini huenda akahitaji kuongezewa dawa za VVU za lopinaviri na ritonaviri kwa takriban asilimia 50, na ukashauri dawa zinazochochea vimeng'enya ziepukwe pale inapowezekana.

Tangu hapo dawa za VVU zimebadilika, na wengi sasa wanatumia kidonge cha TLD chenye dolutegraviri. Nayo haikuokoka: ikitumiwa pamoja na karbamazepini, dolutegraviri hutakiwa iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, maana yake mgonjwa aongezewe kidonge cha pili cha dolutegraviri pekee baada ya saa 12. Hilo haliwezi kufanyika kama CTC, yaani kliniki ya VVU, haijui kwamba mgonjwa ana kadi nyingine kwenye kliniki ya kifafa, na mara nyingi kliniki hizo mbili hukaa siku tofauti, zenye wahudumu tofauti na mafaili tofauti.

Valproeti haina tabia hiyo ya kuchochea vimeng'enya, ndiyo sababu huonekana kuwa mbadala mzuri kwa mwenye VVU, ingawa huongeza kiwango cha zidovudini, dawa mojawapo ya VVU, mwilini na hivyo hutaka uangalizi kwa anayetumia dawa hiyo. Ina kasoro moja kubwa zaidi ya hiyo. Mama akiitumia wakati wa ujauzito, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, ikiwemo mgongo wazi, na watatu hadi wanne kati ya kumi hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Shirika la Afya Duniani limeshauri isitolewe kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwao zinabaki levetirasetamu na lamotrijini, ambazo hazina tatizo hilo la kuchochea vimeng'enya kama fenobabitali, na ambazo katika vituo vingi vya wilaya bado ni ghali au hazipo kabisa. Anayetumia tayari valproeti asiiache kwa ghafla kwa kusoma haya, kwani degedege lisilokoma linaweza kuua. Kubadilisha dawa hufanywa taratibu, dozi ya zamani ikishushwa wakati mpya inapandishwa, chini ya daktari anayejua dawa zake zote mbili.